Kabla ya Alamu ya Simu Kulikuwa na Ndiva: Watu wa Gonja Wasio na Majina Waliojua Kupanga Siku

Mdau, siku hizi kila ukifungua simu unakutana na mtu anakufundisha kuishi. Amka saa kumi na moja alfajiri. Kunywa maji glasi mbili kabla ya chai. Andika mambo matatu ya kufanya leo. Zima data usiku upumzishe akili. Wengi wanaofundisha hivyo wana majina makubwa na picha kali, na wengine wanakuuzia hadi daftari la kuandikia hayo mambo matatu. Sawa, kila mtu na mishe zake. Ila kuna watu waliishi ratiba ya namna hiyo miaka mingi kabla ya simu, kule Gonja, upande wa mashariki wa milima ya Upare, na huwezi kukuta jina la hata mmoja wao kwenye kitabu.

Hata maporomoko ya maji yaliyoko Gonja wageni wanayajua kwa jina la mzungu, Thornton. Wale waliochukua maji ya milima hiyo hiyo wakayalazimisha yapite pembeni ya mteremko, kwa jembe na mikono, hadi yafike shambani, hao hawana hata kibao.

Kwa wasiopajua: Gonja ipo wilaya ya Same, Kilimanjaro. Ukitoka Same mjini unazunguka mlima kwa barabara ya Kisiwani, huku Mkomazi ikiwa kushoto kwako, hadi unafika Maore. Hapo upo bondeni, joto, mpunga na vumbi. Ukiinua macho unaona Bombo kule juu, baridi na migomba. Juu zaidi, upande wa Chome, kuna kilele cha Shengena, mita 2,462, na msitu ambao ndio tenki la maji la eneo zima. Watu wa juu na watu wa chini wanatumia vijito vile vile. Kumbuka hilo, maana ndipo ugomvi wote unapoanzia.

Zamani Gonja haikuwa kijiji cha pembeni hata kidogo. Karne ya 19 misafara ya biashara iliyotoka pwani kwenda Kilimanjaro ilipita hapo, watu wakapumzika, wakanunua chakula na kuchota maji. Sasa jiulize, msafara wa mamia ya watu wenye njaa unalishwa na nini kwenye nchi kavu namna ile? Mvua za Same kila mtu anazijua, zinakuja zikipenda. Jibu ni kilimo cha kumwagilia. Chakula kile kilikuwa cha ziada, yaani watu walilima wakala, kikabaki cha kuuza. Halafu Wajerumani wakajenga reli ya Tanga hadi Moshi, ikafika Moshi mwaka 1911, na ikapita upande wa pili wa milima, Hedaru, Makanya, Same. Gonja ikaachwa nyuma ya mlima. Ndiyo maana watu wengi leo wanapita lami ya Arusha kila Disemba na hawajawahi kusikia hata jina lake.

Tuje kwa mzee wa ndiva sasa.

Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe, linachimbwa kwenye mteremko. Mfereji unachepusha maji ya kijito na kuyaingiza humo. Jioni mdomo wa ndiva unazibwa. Usiku kucha, watu wakiwa wamelala, maji yanaingia taratibu. Alfajiri mwenye dhamana anakwenda kuzibua, na maji yanatoka kwa nguvu kuelekea mashambani.

Unaweza kusema mbona kitu chepesi. Siyo chepesi. Kijito cha mlimani wakati wa kiangazi ni chembamba kama mkono. Ukikiruhusu kiende moja kwa moja shambani, maji yote yatanywewa na udongo njiani, na shamba la mwisho halitaona hata tone. Lakini ukiyakusanya saa kumi au kumi na mbili halafu ukayaachia kwa mkupuo, yanafika mbali. Vile vile hakuna mtu anayelazimika kumwagilia usiku kwenye giza na baridi ya mlimani. Usiku ni wa ndiva kufanya kazi na mtu kulala. Leo mtu anakesha na laptopu hadi saa nane usiku halafu anajisifia kwamba anapambana. Mzee wa ndiva angemshangaa sana.

Na mzee huyo, mara nyingi, hakuchaguliwa kwa kura. Ndiva na mifereji vilikuwa vya koo. Ukoo wa yule aliyechimba wa kwanza ndio uliokuwa na kauli juu ya maji: nani ananyweshea Jumatatu, nani Jumanne, nani anasubiri wiki ijayo. Yeye ndiye aliyefanya tambiko kwenye chanzo, yeye ndiye aliyetoa adhabu kwa mwizi wa maji. Na ndiyo, wizi wa maji upo, tena unafanywa na majirani wazuri tu wanaosalimiana vizuri. Mtu anafungua kijishimo kidogo kwenye mfereji saa nane usiku, anaweka jani la mgomba, maji yanageukia kwake. Asubuhi kila mtu anashangaa kwa nini ndiva haijajaa.

Kwa hiyo kuamka alfajiri kwa mzee yule hakukuwa suala la kujijenga kama wanavyosema sasa. Akichelewa saa moja, jua linapanda, maji yanaanza kupotea, na mwenye zamu ya leo anapoteza zamu yake hadi wiki ijayo. Mahindi hayasubiri. Kuna familia nzima inayokula kutokana na yeye kuamka. Hapo ndipo tofauti ilipo kubwa na hizi ratiba za mtandaoni, ambazo ukichelewa unajidanganya mwenyewe tu na maisha yanaendelea.

Wapo wanaodhani mambo haya ni ya Wapare peke yao. Hapana. Wachaga wana mifereji yao upande wa Kilimanjaro, Wamarakwet wa Kenya wana yao kwenye bonde la Kerio, na kule Engaruka kuna mabaki ya mifereji ya mawe ya watu walioondoka zamani. Ila ile akili ya kulifanya bwawa lifanye kazi usiku ili binadamu apumzike, kwa Upare imekuwa ndio alama. Hadi leo ukisema ndiva, mtu wa Same anajua unaongelea kwao.

Mtu wa pili asiye na jina yupo jikoni.

Utani wa Wapare na ubahili kila Mtanzania anao. Eti wananing'iniza samaki darini halafu wanakula ugali kwa kumwangalia. Eti Mpare atauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Wenyewe wanacheka na wanakuongezea mwingine. Ila utani wa makande una historia ndani yake ambayo watani hawaijui.

Makande ni mahindi makavu na maharage, vinachemshwa pamoja. Havihitaji kusimamiwa. Unaweka chungu kwenye mafiga matatu, unaingiza gogo moja kubwa la moto wa polepole, unajaza maji, unaondoka. Unakwenda shamba la juu, unapalilia, unakata majani ya mbuzi, unachota maji, unarudi. Chakula kinaiva wakati mpishi hayupo. Na kikiiva kinatosha mchana, usiku, na kesho asubuhi kinapashwa tena. Mtu akila makande saa sita, njaa anaisahau hadi giza. Sasa mwanamke mwenye mashamba matatu kwenye miinuko mitatu tofauti, na watoto watano, angepika nini kingine? Wali? Chapati?

Leo kuna watu wanalipia mafunzo ya kupika mara moja Jumapili chakula cha wiki nzima ili waokoe muda. Bibi wa Gonja alikuwa anafanya hivyo bila kuambiwa na mtu, na ujira wake ukawa ni kuchekwa kwamba hajui kupika kitu kingine. Hii inauma kidogo ukiifikiria.

Ila tusimpambe sana huyo mzee wa ndiva mbele ya huyo bibi. Maji ya ndiva yalikuwa mambo ya wanaume. Zamu ilipangwa kwa majina ya wanaume. Mwanamke alilima, alipalilia na kuvuna, lakini maji ya shamba lake aliyapata kupitia mume, kaka au mtoto wa kiume. Mjane alikuwa na kazi. Wanaosema zamani kila kitu kilikuwa na haki, wakaulize wajane.

Halafu kuna msaragambo. Neno hili hata wasio Wapare wa mkoa wa Kilimanjaro wanalitumia. Ni kazi ya pamoja: ndiva imejaa tope, mfereji umebomoka na mvua, njia imemezwa na majani, basi siku inatangazwa na kila kaya inatoa mtu. Asiyekuja anapigwa faini. Hakuna cha nina kichwa kinauma. Watu wanafika na majembe, kazi inagawanywa kwa vipande, kila mtu anajua mwisho wa kipande chake uko wapi, anamaliza, anakaa. Baadaye kuna chakula na, kwa wanaotumia, dengelua, ile pombe ya miwa.

Kile kipande ndicho siri. Mtu hakuambiwa fanya kazi hadi uchoke. Aliambiwa fanya kutoka mgomba huu hadi jiwe lile. Mwenye nguvu akamaliza mapema akapumzika kivulini, mwenye umri akaenda taratibu, na wote wakaondoka bila lawama. Watu wa ofisini wanaopewa kazi isiyo na mwisho wataelewa uzito wa jiwe lile.

Lakini msaragambo nao uliharibiwa. Wakoloni walipoona kuna utaratibu tayari wa kuwatoa watu majumbani kwa kelele moja, wakautumia. Machifu wakawa wanaita watu kwa kazi ambazo hazikuwa za ndiva yao wala za njia yao. Kazi ni ile ile na jembe ni lile lile, ila faida iko kwa mwingine. Mtu aliyekuwa anaamka kwa hiari akaanza kuamka kwa kununa.

Na Wapare wakinuna, ebwana, wananuna kwa mpangilio.

Miaka ya 1940 ililetwa kodi mpya iliyoitwa mbiru. Badala ya kila mwanaume kulipa kiasi kile kile, sasa mtu angekadiriwa kwa alivyo navyo, na wakadiriaji ni watu wa chifu. Yaani mtu anakuja kwako, anahesabu ng'ombe wako, anakadiria kahawa yako, halafu anasema wewe una uwezo. Watu walikataa. Januari 1945 maelfu ya wanaume kutoka Upare wakatembea hadi Same, kwenye makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi. Hawakuchoma moto ofisi. Walikaa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria ambaye mwenyewe alikuwa Mpare, aliandika kitabu kizima kuhusu mgomo huo, na ndio maana angalau tunaujua.

Kambi haikuwa ya siku mbili. Ilienda miezi na miezi. Na hapa ndipo swali la ratiba linaporudi: wanaume maelfu wamekaa Same, huko nyumbani nani anazibua ndiva? Nani analima? Nani anapeleka chakula? Unajua jibu. Chungu kiko kwenye mafiga, na yule bibi asiye na jina sasa ana kazi yake na ya mume wake.

Hadi ikafika mahali uvumilivu ukaisha. Usangi, Upare Kaskazini, wanawake mamia wakamkabili bwana wilaya, mzungu, alipofika kwao, wakampa masharti mawili. Ama amalize hii ishu ya kodi waume zao warudi nyumbani, ama yeye mwenyewe awape mimba wote, maana waume hawapo. Fikiria sura ya yule bwana. Amesomea utawala Uingereza, ana kofia yake kichwani, na mbele yake kuna wanawake mamia wanasubiri jibu. Hakuna kitabu cha serikali kilichomfundisha hilo swali.

Watu wanaisoma habari hiyo kama kichekesho, na ni kichekesho kweli. Lakini walichokuwa wanasema wale wanawake ni kwamba wamezidiwa. Nyumba moja ilipangwa kuendeshwa na mikono miwili ya kike na miwili ya kiume, na sasa imebaki miwili. Siku hizi tunaita kuchoka kupita kiasi, na tunaambiwa twende tukanyooshe mgongo. Wao waliona nani amewachosha, wakamfuata alipo. Mwisho wa yote mbiru ilifutwa. Majina ya viongozi wa kiume wa mgomo yapo kwenye kumbukumbu. Ya wale wanawake, wachache mno.

Turudi Gonja, tena kwa haraka, kwa sababu baada ya uhuru mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1963 uchifu ulifutwa kisheria. Likaja Azimio la Arusha 1967, vijiji vikapewa madaraka, ndiva zilizokuwa za koo zikawa za wote. Kwa upande mmoja ilikuwa haki, kwa sababu kwa nini ukoo mmoja ushike maji ya watu wote? Kwa upande mwingine, kitu cha wote nani anakiamkia alfajiri? Mzee wa ukoo alikuwa na sababu mbili za kuamka, heshima na mizimu. Kamati ya kijiji ina muhuri. Sehemu nyingi ndiva zikajaa tope. Miaka ya 1990 mradi uliosaidiwa na Waholanzi, TIP, ulipita Same na Mwanga ukikarabati mifereji na ndiva za asili, nyingine zikapakwa saruji, na palipokuwa na viongozi wa maji wanaosikilizwa zimedumu.

Bondeni nako kukabadilika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilijengwa skimu ya mpunga Ndungu kwa msaada wa Japani, inakunywa mto Yongoma. Maore nao wana mpunga wao, na mto wao ni Hingilili, unaoshuka kutoka huko huko juu. Mchele huo unaula Dar bila kujua umetoka wapi. Wakati huo huo watu wa juu nao wamepata mazao ya pesa, tangawizi ya Mamba Myamba ikiwa ndiyo maarufu kuliko yote, nayo inataka maji. Kwa hiyo wa juu anafungua, wa chini anakaukiwa. Wa chini anapanda na panga kuangalia nani amefungua. Mambo haya yanaishia kwenye baraza, mara nyingine polisi. Ule utani wa kesi ya kuku ukienda kuuangalia kwa karibu, mara nyingi ni kesi ya maji.

Kitu kimoja bado hakijaguswa hapa, nacho ni mapumziko. Milima ile ina Waislamu, Walutheri na Wasabato. Wasabato wa nchi hii walianzia huko huko Upare Kusini, Giti, mwaka 1903. Kwa hiyo kwenye eneo moja unakuta mtu anayeheshimu Ijumaa, jirani yake hashiki jembe Jumamosi, na wa tatu kengele yake inalia Jumapili. Mtu wa mjini atasema siku tatu zimepotea. Ila mwenye mfereji anaona kingine: zamu ya Msabato ikiangukia Jumamosi, mbadilishane na Mlutheri. Maji hayakai bure, na kila mtu amepumzika siku yake. Kupanga hivyo kunahitaji kitu kimoja tu, kwamba unajua jirani yako anasali lini. Sijui wangapi wa kwenye maghorofa ya Sinza wanajua hilo.

Sasa vijana wengi wa Gonja wako Dar, Arusha, Moshi, wengine ndio hao hao wanaosoma makala za kuamka mapema wakiwa kwenye daladala. Siku ya msaragambo ikitangazwa nyumbani, wapo wanaotuma faini kwa simu. Inafika ndani ya sekunde, ujumbe unalia, mwenyekiti anaandika kwenye daftari kwamba kaya hii imelipa. Halafu anaangalia mfereji, na waliosimama pale na majembe ni akina mama na wazee wanne. Anaanza kuwagawia vipande, kutoka mgomba huu hadi jiwe lile, na safari hii kila kipande kimerefuka.